Nimeambiwa kwetu hakuna msitu wa mvua, mbele ya ua lililotoka kwetu

Mleta uzi: Mzawa wa Amani

Wakuu, ninaandika nikiwa bado ndani ya treni na shati halijakauka, kwa sababu nikisubiri nifike nyumbani nitakuwa nimepoa, nami sitaki kupoa. Nimetoka pale mnapopajua, kwenye lile banda jipya la msitu wa mvua ambalo bustani ya wanyama ya mji huu wa Ujerumani imelitangaza katika kila kituo cha basi tangu majira ya baridi, na nimekutana na mtembeza wageni yule yule mnayemjua. Jina simtaji. Aliyekwenda amemwona: fulana ya kijani, kipaza sauti shavuni, na ile tabia ya kukujibu kabla hujauliza.

Banda lenyewe silisemi sana. Ni paa moja linaloweza kufunika Muheza nzima pamoja na stendi yake, ndani kuna joto la kukufanya uijutie koti uliyoivaa, ukungu unapulizwa na mitambo, na kila baada ya muda radi ya kurekodiwa inanguruma kutoka kwenye spika iliyofichwa ndani ya mti wa saruji. Kiingilio cha familia kingetupatia mbuzi kule kwetu, pamoja na chumvi na ndimu ya kumchomea. Hayo yote niliyavumilia.

Mtembeza wageni akaanza kuwauliza watu wanakotoka. Alipofika kwangu nilimjibu kwa adabu kwamba nimezaliwa Amani, Usambara Mashariki, Tanzania, na kwamba majani haya mengi nimekua nayo. Akacheka kile kicheko cha upole ambacho mtu mzima humpa mtoto aliyekosea hesabu, kisha akawageukia watu wote akatangaza kwenye kipaza sauti: Tanzania haina msitu wa mvua, Tanzania ni nyasi na simba. Aliyasema hayo akiwa ameegemea kibao. Kibao hicho kimesimama kando ya chungu cha yale maua madogo ya zambarau ambayo kila bibi wa Kijerumani anayo dirishani, na juu yake, kwa herufi kubwa kuliko zilizo kwenye pasipoti yangu, kimeandikwa Milima ya Usambara, Tanzania. Kiwiko chake kilikuwa juu ya neno Tanzania.

Kiwiko chake, wakuu! Angekisogeza kidogo tu kushoto angesoma.

Ua hilo lilitumwa Ujerumani mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu kutokana na ukoo wake. Mwaka 1902 Wajerumani hao hao wakajenga kituo cha utafiti pale Amani, katikati ya msitu. Yaani wazee wake walipanda mlima, wakapima mvua yetu, wakahesabu miti yetu, wakabeba maua yetu, halafu mjukuu wao anakuja kunijulisha kwamba msitu wenyewe haupo. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mimi nimesoma shule ya msingi kwa sare iliyokaushwa juu ya meko, ikinuka moshi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu kuianika nje ilikuwa ni kuirudisha majini.

Lililoniua kabisa ni mwanangu, ambaye alinitazama akaniuliza, "Baba, kwani kwenu si ulisema kuna msitu?" Naye yule bado ameegemea pale pale. Kiwiko hakikusogea.

Shangazi wa Bonn: Pole sana, mdogo wangu. Mimi huyo huyo aliniambia nisimwogope kinyonga kwa kuwa haumi. Nikamjibu kwamba kwetu hatujawahi kumwogopa kwa ajili ya meno, tunaogopa nuksi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Mpiga Zumari: Mleta uzi, tuambiane ukweli. Bibi yako alikuwa akiwafukuza mbega shambani kwa mawe na matusi, nawe umepanda treni, umelipa euro na umepanga foleni ili uwaangalie wakila majani. Mwenye haki ya kulalamika hapa ni bibi.

Mwana wa Shinyalu: Kwa heshima zote kwa ndugu zetu wa Tanga, huyo bwana alikosea nchi tu. Msitu wa mvua wa Afrika Mashariki ni Kakamega, kwetu Kenya, kipande kilichosalia cha msitu ule ule mkubwa wa Kongo. Milima yenu ina baridi na chai.

Mzawa wa Amani: Chai ilipandwa baada ya msitu kukatwa, ndugu yangu. Kwa hiyo msitu ulikuwapo. Na kiwiko kilikuwa juu ya neno Tanzania.

Kipunji Halisi: Kakamega mna vipepeo wazuri, lakini sisi mwaka 2005 tulitangaziwa tumbili mzima, kipunji, ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika, wa Rungwe na Udzungwa. Ninyi mara ya mwisho mlitangaza nini?

Mama Kasongo: Mnagombania vipande vya msitu na mwenye msitu yupo hapa anawasikiliza. Okapi wetu wa Ituri, Kongo, yule ndugu wa twiga, alifikishwa Antwerp mwaka 1919, na hadi leo kwenye banda la huku Ulaya wanamwonyesha huku spika zikipiga ngoma ambazo hakuna Mkongomani anayezitambua. Mnyama mwenyewe huishi kimya, anasikia hata jani likianguka, nao wanampigia ngoma kutwa. Huyo ndiye wa kuandikiwa uzi.

Foleni ya Viza: Mimi mwenye donge ni chura wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania. Bwawa la umeme lilipomnyima manyunyu ya maporomoko, mwaka 2000 walipandishwa ndege vyura 499 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani, wakatengenezewa manyunyu yao, na mwaka 2010 walioongezeka wakarudishwa nyumbani. Kwenda na kurudi, bila kuulizwa taarifa ya benki. Mimi ubalozini nimeulizwa hadi mahari niliyolipa.

Mpiga Zumari: Chura ana mdhamini, mkuu. Wewe una nani?

Mzawa wa Amani: Wakuu, tunatoka nje ya mada. Mtu alisimama mbele ya kibao kinachosema Usambara, akasema Usambara hakuna msitu.

Mwana wa Shinyalu: Tumekusikia. Sasa huyo kipunji wenu anaonekana, au naye mnamwona kwenye kibao?

Dada Mgeni: Samahani wapendwa, nilikuwa nimepanga kuwapeleka watoto Jumamosi. Je, aliye chini ya miaka sita analipa? Na mle ndani kuna mahali pa kula?

Shangazi wa Bonn: Mdogo halipi. Chakula usinunue, sahani ya viazi vya kukaanga ni bei ya nguo ya Idi. Funga vitumbua vyako, ila vifiche chini ya nepi, maana yule mama wa mlangoni anayekagua mikoba alininyang'anya mihogo ya kukaanga na pilipili yake, halafu nikamkuta nyuma ya kibanda cha tiketi anaila.

Mama Kasongo: Yule mwenye miwani ya kamba? Hata mimi alinichukulia chikwangue, mkate wetu wa muhogo!