Naomba ushauri: Kiingereza cha kidato cha nne, nakwama kwenye nyakati na ufahamu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Tukuyu, Rungwe. Mwaka huu narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Kiingereza ndicho kinachoninyima usingizi. Mchana niko dukani, nasoma saa mbili hadi saa nne usiku.

Shida kubwa ni nyakati. Kwa Kiswahili nasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshangaa, basi nikiandika Kiingereza nateleza: "I have seen him yesterday." Nimeshajua kwamba penye "yesterday" ni "I saw him", na kwamba "since" hutaja jambo lilipoanzia, "since 2019", na "for" hutaja muda wake, "for three years". Ukiniuliza kanuni naitaja vizuri. Nikipewa insha, nafikiri kwa Kiswahili na makosa yanarudi yaleyale. Inaniumiza sana.

Ufahamu nao, nafungua kamusi kila mstari. Nikifika aya ya mwisho nimesahau ya kwanza. Nimefanya mitihani ya miaka iliyopita, nimekariri maneno kumi kwa siku, baada ya wiki yanabaki mawili matatu. Mwalimu wa karibu sina, na nauli ya Mbeya mjini kila Jumamosi siimudu.

Naomba kuuliza mawili. Mlifanya mazoezi gani mpaka nyakati zikakaa zenyewe mnapoandika? Na kwenye ufahamu, nianze na maswali, au nisome kifungu chote kwanza bila kamusi?

Natanguliza shukrani.