Tupeane uzoefu: hatua, futi, mita na ekari zinavyowaliza watu kwenye viwanja na mashamba

Jiwe la Nyegezi
Wadau, leo hapa Buhongwa, Mwanza, kumezuka ubishi wa kiwanja kilichouzwa "ishirini kwa ishirini". Muuzaji alimaanisha hatua, mnunuzi kichwani ana mita. Hatua ya mtu mzima anayetembea kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15. 15 mara 15 ni mita za mraba 225, si 400. Kila upande umepungua robo, lakini ardhi imepotea karibu nusu. Mliokutana na haya leteni.

Mama Tailizi, Igoma
Kwenye tailizi ndiko kilio kilipo. Chumba cha futi 12 kwa 14 ni futi za mraba 168. Mtu anajua mita moja ni futi 3.28, anagawa 168 kwa 3.28, anapata 51 na anaagiza maboksi 36 ya tailizi za sentimita sitini kwa sitini. Hiyo 3.28 ni ya urefu. Ya eneo ni 3.28 mara 3.28, yaani 10.76. Ukigawa hivyo unapata mita za mraba 15.6. Boksi la vipande vinne linafunika 1.44, kwa hiyo chumba kinataka maboksi 11, na ukiweka asilimia 10 ya kukata na kuvunjika yanakuwa 12. Ukiogopa kuchanganya, zidisha kila upande kwa 0.3048 kwanza uwe mita, ndipo uzidishe upande kwa upande.

Kijana wa Kirumba
Hiyo 10.76 ibandikwe kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi.

Jaruba la Magu
Njooni shambani. Kila mtu anasema ekari ni sabini kwa sabini, wachache wanajua sabini za nini. Ni yadi. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, karibu kabisa. Yadi ni sentimita 91, yaani hatua ya kunyoosha mguu haswa. Ukitembea kawaida unapata mita 52.5 kila upande, ambayo ni ekari 0.68, na bado unalipa trekta ya ekari nzima. Mwingine naye anafungua tepu mita 70 kwa 70, anajikuta na ekari 1.21, halafu anashangaa mbegu haikutosha.

Mbolea ndiyo mbaya zaidi. Ushauri ukisema kilo 125 za yurea kwa hekta, gawa kwa 2.47, maana hekta moja ni ekari 2.47: ni kilo 50 kwa ekari, mfuko mmoja. Anayesoma hekta akadhani ekari anamwaga mifuko miwili na nusu. Mpunga unajaa majani mabichi, shina linalegea, upepo wa ziwani ukipita unalala wote kwenye maji.

Nahodha wa Mwaloni
Mnakuza mambo. Wazee walipima Usukuma nzima kwa hatua na watu wakaishi kwa amani.

Jaruba la Magu
Kaka, wazee walipima huku majirani wote wamesimama pale, na mpaka ulikuwa mti au mwamba. Leo anayepima ni dalali mwenye miguu mifupi. Kama ni lazima hatua, nyosha kamba ya mita 30, itembelee mara tatu, hesabu. Wastani ukiwa hatua 40 kwa kila safari, hatua yako ni sentimita 75. Ndipo uanze kupima.

Bikoni
Wote hamjafika kwenye la ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa ziwa. Kuna nyumba, imeshaezekwa, ina alama ya X nyekundu ukutani. Mwenyewe aliapiwa kuwa sitini zipo. Zilikuwa hatua 60, na aliyehesabu alikuwa anateremka kwenye mawe. Hatua za kuteremka mawe ni fupi, sentimita 70 hivi, jumla mita 42. Na mteremko wenyewe unashuka mita 12. Umbali wa ardhi hausomwi ukiufuata mlima, unasomwa umelala: 42 mara 42, toa 12 mara 12, tafuta kipeo cha pili. Mita 40 na kidogo. Na ziwa lilipopanda 2020, mahali tambarare mita moja ya maji ilikula mita kumi za nchi kavu.

Kijana wa Kirumba
Nyumba ikabomolewa?

Mama Tailizi, Igoma
Bikoni usituache hapo!

Bikoni
Bado imesimama, mwenyewe anahangaika maofisini. Nilichotaka mshike ni mteremko, maana Mwanza ni vilima vitupu. Tepu ikilala mlimani mita 30 na kimo kikapanda 10, kiwanja kinahesabiwa 28.3. Pima kwa ngazi: vipande vya mita tano tano, tepu iwe levo, ncha iliyo hewani dondosha timazi (uzi wenye uzito), weka kigingi, endelea.

Simu Mkononi
Yote ya nini? Simu inapima eneo ukizunguka tu.

Bikoni
Shamba la ekari kumi sawa, utapata picha. Kiwanja cha mita 20 hapana ndugu yangu, simu hukosea mita tano kirahisi.

Jiwe la Nyegezi
Nimeelewa kitu kingine leo: hata tepu ikisema 20 pande zote nne, bado pima kona kwa kona. Mraba kamili unatoa 28.28 mara mbili. Ukipata 24 na 32 kimepinda, eneo ni 24 mara 32 gawa kwa mbili, 384.

Nahodha wa Mwaloni
Haya, nami niulize. Wavu wa jicho la inchi sita ni milimita ngapi?

Bikoni
152. Ila vuta jicho likaze kwanza, ndipo upime fundo hadi fundo. Likiwa limelegea linakudanganya.