Niandike "I" au "me" katika barua ya ofisi?

Karani wa Ushirika, Mbale:
Salaam kwenu nyote. Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na barua zetu zote za kwenda wilayani huandikwa kwa Kiingereza. Wiki iliyopita niliandika "The treasurer and me visited the store", mwenyekiti akaifuta "me" kwa wino mwekundu na kuweka "I". Barua iliyofuata nikaandika kwa kujiamini kabisa "Please contact the treasurer or I", nayo ikarudi na wino ule ule, safari hii "I" imefutwa na "me" imewekwa. Niliona haya kumwuliza mzee sababu. Sasa naandika "myself" kila mahali ili kukwepa lawama. Je, inafaa? Na "whom" hutumika wapi?

Mwalimu Mstaafu, Jinja:
Ndugu Karani, mwenyekiti wako alikuwa sahihi mara zote mbili. Kinachotuponza ni kwamba "mimi" yetu haibadiliki, na hata kiambishi chake ni kile kile, kwani "ninampigia" na "ananipigia" zote zina "ni". Lakini tazama nafsi ya tatu: katika "anampigia", "a" ni mtenda, ndiyo "he" ya Waingereza, na "m" ni mtendwa, ndiyo "him". Tofauti hiyo umeizungumza tangu utotoni, ila imejificha ndani ya kitenzi. Ukikwama, mwondoe mhazini katika sentensi, kisha jiweke katika nafsi ya tatu. "Alitembelea ghala" ina "a", basi andika "I". "Mpigieni simu" ina "m", basi andika "me". Kipimo hicho hicho kinaamua "whom": "nani alimpigia?" ni "who", na "ulimpigia nani?" ni "whom".

Kuhusu "myself", hiyo ni "ji" yetu, kama katika "nimejikata", au ni "mwenyewe" ya kutilia mkazo. Pasipo "ji" wala "mwenyewe", iache, hata kama ofisi nzima inaipenda kwa kuwa inasikika ya heshima.

Msaidizi wa Wakili, Kampala:
Nakubaliana na Mwalimu, ila naongeza kwamba kanuni hizi hazina uzito mmoja kila mahali. Mtu akibisha hodi na kuulizwa ni nani, hujibu "It's me". Akijibu "It is I" atachekwa, ingawa sarufi ya zamani, iliyofuata mfano wa Kilatini, iliitaka. Vivyo hivyo, "Who did you send it to?" inatosha katika mazungumzo, lakini kihusishi kikitangulia, kama katika "to whom", hakuna njia ya mkato. Wala usimcheke anayesema "between you and I", kwa sababu Shakespeare aliyaweka maneno hayo katika barua ya Antonio, kwenye tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kuwa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wilayani, hata hivyo, andika "between you and me".

Karani wa Ushirika, Mbale:
Nashukuru sana, wazee wangu. Limebaki moja: katika kanuni za chama tumeandika "Every member shall bring his card", na akina mama, ambao ni wengi kuliko sisi, wamenung'unika.

Msaidizi wa Wakili, Kampala:
Wana haki ya kunung'unika. "Yeye" yetu haibagui mume na mke, lakini "his" inabagua. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 hutumia "he or she" na "his or her", nawe unaweza kuifuata katika kanuni za chama. Katika tangazo la kubandikwa ukutani, andika "their card". Matumizi hayo ya "they" kwa mtu mmoja yamo katika Kiingereza tangu karne ya 14, ingawa wako wazee wa kalamu nyekundu wasioyataka. Muulize kwanza mwenyekiti wako yuko upande gani.