Melanoma ya kidole gumba cha mguu: dabrafenib na trametinib, tuanze?

Mdau wa Soweto, Moshi
Wakuu, salaam. Mzee wa miaka 58, melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kidole kilikatwa; sasa imefika tezi za kinena na mapafu. Ndugu wanataka kununua dabrafenib na trametinib. Majibu ya patholojia yanasema "melanoma" basi. Tuanze? Na kwa nini dawa mbili?

Maabara_Kilimanjaro
Msianze. Dawa hizo zinahitaji uvimbe wenye badiliko la jeni ya BRAF, liitwalo V600. Melanoma za ngozi ya wazungu, karibu nusu zinalo. Za unyayo na chini ya kucha, ambazo ndizo tunazokutana nazo zaidi huku, ni chache tu zilizo nalo. Nyingine zina badiliko la jeni nyingine, KIT, na hiyo ni dawa nyingine kabisa. Ukimpa dawa ya BRAF asiye na badiliko, unaweza kuuchochea uvimbe badala ya kuuzima.

Peleka maabara bloku ya parafini (kinyama cha uvimbe kilichogandishwa kwenye nta) wapime badiliko hilo. Kinyama kinatakiwa kiwe kimelowekwa kwenye formalini ya 10% yenye bafa, ujazo mara 10 ya kinyama, saa 6 hadi 72. Kikisahaulika koponi wiki mbili, DNA inakatikakatika. Halafu melanini (ile rangi nyeusi) huzuia PCR, kipimo kinachonakili DNA: uvimbe mweusi tii ukirudisha "kipimo kimeshindikana", hiyo si "hasi". Waombe wazimue DNA na kurudia.

Dokta_Njiro
Kwa nini mbili: ukiziba BRAF peke yake, baada ya miezi kadhaa seli huiwasha MEK (protini inayopokea amri ya kukua kutoka BRAF) kwa njia ya pembeni, na dawa hiyo ikiwa peke yake huotesha saratani za seli bapa za ngozi. Kizuizi cha MEK, yaani trametinib, kinapunguza yote mawili. Marekani iliidhinisha muungano huu Januari 2014, na katika majaribio ya COMBI-d na COMBI-v yakijumlishwa, 34% walikuwa hai baada ya miaka 5.

Ila hata V600 ikipatikana, ulizieni kinga-tiba (dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani) kwanza. Kwenye jaribio la DREAMseq, walioanza na kinga-tiba ya nivolumab na ipilimumab 71.8% walifika miaka 2. Walioanza na hivi vidonge viwili, 51.5%. Bei ya kinga-tiba ndiyo kisiki.

Dozi: dabrafenib mg 150 mara 2 kwa siku, trametinib mg 2 mara 1, saa 1 kabla ya kula au 2 baada. Eko (ultrasaundi) ya moyo kabla ya kuanza, baada ya mwezi, kisha kila miezi 2 au 3.

Mfamasia_A-Town
Naongezea homa, maana hapo ndipo watu hukosea. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huipata, na kwetu homa huitwa malaria kabla ya kupimwa. Ikifika 38°C simamisha dawa zote mbili, *ndipo* upime malaria. Rudisha dawa homa ikiwa imekata kwa saa 24.

Trametinib ikae friji, 2–8°C, kwenye chupa yake na kile kikaushio chake. Pima G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kama yuko kwenye dawa za TB, rifampicin itaishusha dabrafenib.

Mdau wa Soweto, Moshi
Asanteni sana. Bloku ipo, ila ni ya kidole, na mfupa ulilainishwa kwa tindikali.

Maabara_Kilimanjaro
Hiyo iache, tindikali imeshakula DNA. Chukueni kinyama kipya kwenye tezi ya kinena, kwa sindano nene.