Muuza safari za baskeli aliyetutelekeza kwenye ukungu wa Rungwe karudi tena Pemba kutafuta wateja

Assalamu aleikum wana jukwaa. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa utalii wa ndani. Huu si utalii, ni watu kuliwa pesa zao na mmoja wetu nusura arudishwe kwenye sanduku.

Kuna bwana mmoja, jina silitaji, waliokwenda naye wanamjua. Kila msimu wa karafuu ukimalizika, watu wakiwa na chochote mfukoni, utamkuta Chake, Wete na Mkoani anauza safari za baskeli za bara. Juzi nimeletewa tangazo lake jipya: Himo mpaka Tarakea kwa njia ya Marangu, ubavuni mwa Kilimanjaro, "lami mwanzo mwisho, anayejua kupanda baskeli anaweza". Maneno ni yale yale aliyotuuzia sisi, kabadilisha jina la mlima tu. Ndiyo maana niko hapa.

Sisi alitupeleka Mbeya. Safari ilikuwa Uyole mpaka Kyela kupitia Tukuyu, na tangazo lilisema "mteremko mzuri hadi Ziwa Nyasa". Mteremko upo, sikatai. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko chini ya mita 500. Lakini ukitoka Uyole barabara kwanza inapanda milima ya Uporoto, inavuka mita 2,000, ndipo ianze kushuka Kiwira na Tukuyu. Hilo hakutwambia. Kilomita alizitaja vizuri sana, mita za kupanda hakuzitaja hata kwa kuteleza ulimi. Na mpanda baskeli ye yote atakwambia kilomita peke yake hazisemi kitu. Chake mpaka Wete unakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Masafa hayo hayo ukiyaegemeza kwenye mlima ni kazi ya kutwa.

Na asije mtu hapa akasema Wapemba hawajui vilima. Pemba ni vilima na mabonde matupu. Ila vilima vyetu ni vifupi, kisiwa kizima hakuna pahala panapofika mita 200. Unasimama juu ya pedeli, unakaza, mara umeshafika juu na mteremko unakupumzisha. Mlima wa volkano haukupi nafasi hiyo. Rungwe, Ngozi na Kiejo zilijijenga kwa majivu na mawe ya moto, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo mbavu zake ni ndefu na pana. Unapanda, unaiona kona, unajipa moyo kwamba pale ndiyo mwisho, ukifika unakuta nyengine. Na hewa yenyewe si hii ya kwetu: kwenye mita 2,000 shinikizo lake limepungua kwa kama asilimia 20. Mtu katoka baharini, kalala Mbeya usiku mmoja, alfajiri unampandisha. Kuna mwenzetu alikuwa anatapika kabla hata ya saa nne.

Sasa njooni kwenye baskeli. Mimi nasomesha fizikia skuli, na hili ndilo lililonichoma kuliko yote. Alitulazimisha tukodi za kwake, "za resi, mzigo kutoka Ulaya". Kweli za resi, lakini za resi ya tambarare! Gurudumu la meno la mbele dogo kabisa lina meno 39, la nyuma kubwa kabisa lina 23. Maana yake kila ukikanyaga mzunguko mmoja baskeli inakwenda kama mita tatu na nusu. Ukitaka miguu izunguke mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni pole pole, lazima uende karibu kilomita 13 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8, mwendo huo ni wa watu wenye mazoezi makali. Sisi wengine tunaishia kukanyaga kwa uzito wa mwili, magoti yanalia, halafu tunashuka na kukokota. Angetupa meno 34 mbele na 32 nyuma, mtu angepanda kwa kilomita 8 kwa saa akiwa amekaa, anapiga soga. Hizo gia zipo, fundi ye yote pale Darajani Unguja atakufungia. Bwana huyu hakutaka gharama.

Gari ya msaada ndiyo usiseme. Tulilipia gari ikae nyuma yetu. Ilitupita tukiwa hatujamaliza kupanda, na makoti yetu ya mvua ndani, na pampu ndani, na tyubu za akiba ndani. Baadaye tukaja kujua ilikwenda Tukuyu na wenyewe wakakaa kula. Rungwe ni katika sehemu zinazonyesha mvua nyingi kuliko zote Tanzania, kila mtu wa kule anakwambia, na huyu anapeleka watu kule kila mwaka.

Tulipofika juu ukungu ukashuka. Malori ya viazi na ya mzigo wa Malawi yanapita yamewasha taa mchana, na pembeni ya lami mvua imeshusha udongo na vile vijiwe vyepesi vyenye vitundu kama sponji, ukivikanyaga na tairi jembamba unaserereka. Tukaanza kuteremka hivyo hivyo, mikono imekufa ganzi kwa baridi.

Breki za baskeli zile ni za mipira inayobana rimu, yaani ile duara ya gurudumu inayoshika tairi. Mtu na baskeli yake wakiwa kilo 85, kushuka mita 1,500 kunatoa joto linalokaribia kuchemsha lita nne za maji. Ukienda kasi, upepo unakupunguzia sehemu kubwa. Ukienda pole pole nyuma ya lori kwa sababu huoni mbele, karibu lote linaingia kwenye mipira na rimu. Kabla ya mteremko huo mtu anatakiwa aambiwe: bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, mbele na nyuma kwa zamu, simama rimu ipoe. Neno hilo moja halikusemwa. Mipira yenyewe ilikuwa imekwisha mpaka chuma kinaonekana.

Kijana mmoja wa Wete alikuwa mbele yangu. Nilianza kusikia harufu ya mpira unaoungua, nikamwita, nadhani hakunisikia kwa mngurumo wa lori. Tairi la mbele likapasuka kwa joto la rimu, mlio kama bunduki, naye akaruka mtaroni. Alhamdulillah aliangukia mtaroni na si upande wa pili. Mfupa wa bega umevunjika. Nilipoiinua baskeli kuitoa njiani nikashika rimu, ngozi ya vidole viwili ikabaki pale.

Aliyetusaidia ni mama mmoja muuza ndizi, si wenye safari. Alimfunga kijana mkono kwa kitenge chake, akasimamisha gari ya abiria, akatutia chai ya moto bila ya kutuuliza hata senti. Watu wa Rungwe sina neno nao, na mahala penyewe pazuri mno, chai na migomba kijani kibichi mpaka macho yanachoka. Siku moja nitarudi kwa mpango wangu na kwa gia zangu.

Mwenye safari tulimkuta Tukuyu. Hakuuliza hali ya mgonjwa. Kasema, na mashahidi ninao, "Nyinyi watu wa visiwani mmezoea baskeli za kubebea samaki, mlima hamuuwezi." Basi kama ulijua hatuuwezi, pesa zetu ulizipokea za nini? Tangu hapo hapokei simu, na nilipodai kwenye kundi la safari akanitoa.

Tunachodai ni hiki: nusu ya nauli irudi kwa kila mtu, na matibabu ya kijana ayalipe yote. Na hiyo safari ya Tarakea aieleze kama ilivyo. Kutoka Himo ni kupanda mfululizo mpaka Marangu, halafu barabara inazunguka ubavu wa mlima kuelekea Rombo na kila korongo unalishuka kisha unalipanda. Aseme jumla ya mita za kupanda ni ngapi. Aseme gia za nyuma zina meno mangapi. Aseme gari itakaa wapi, na nani atakuwa ndani.

NYONGEZA: Naona kuna anayesema tulitia saini karatasi ya "kwa hatari yangu mwenyewe". Tulitia, ndiyo. Hatari ya barabara. Mipira ya breki iliyokwisha si hatari ya barabara, ni mali yake aliyotukodisha kwa pesa.

Mwengine kaniuliza faraghani kama arudishiwe kianzio chake. Kidai leo, kwa maandishi, usisubiri. Na wote mliokwishalipia Tarakea jiandikisheni hapa chini. Nimeambiwa Jumamosi anakuja Mkoani na boti ya asubuhi kukusanya pesa zilizobaki. Tutakuwepo bandarini, na kijana mwenyewe na bega lake. Kwa maneno tu, msije na fimbo.