Michezo ya maji Dar na watoto, tuvae nini? Nimeshanunua kitenge cha sare

MamaWatatu_Mwanga
Habari zenu wadau. Mwezi wa sita shule zikifunga tunashuka Dar na treni, mimi, mzee, watoto watatu (miaka 12, 8 na 4) na mama mkwe. Watoto wametuganda mwaka mzima wanataka Kunduchi kwenye zile slaidi za maji, baba yao akajichanganya akaahidi mbele ya mashahidi kwa hiyo hakuna namna. Sasa hapa Mwanga, Kigoma, nimepata kitenge kizuri balaa, kile kizito cha kutoka Kongo, nikasema ngoja tushone sare familia nzima, mimi gauni, mzee na wavulana shati na pensi, bibi yao dera, tukipiga picha watu wajue Kigoma imefika. Dada yangu ananicheka anasema nitajuta kabla ya saa sita mchana. Kweli jamani? Ni kutwa nzima kule, kuna maji, kuna jua, kuna kutembea. Halafu mimi najisitiri, navaa mtandio, na kuogelea kwenyewe ni kwa kuungaunga. Msaada.

Fundi_Ujiji
Dada, mimi kitenge ndo kinanilisha ila leo naongea kama ndugu yako. Usiingie nacho kwenye maji. Hiyo ni pamba, na pamba inakunywa maji, gauni lenye marinda likishiba maji unakuwa umebeba ndoo kiunoni, halafu halikauki, utakaa nalo bichi mpaka jioni linakuganda miguuni na upepo wa bahari unakupiga. Na kitenge kipya hakijafuliwa hata mara moja, kama rangi haijashika vizuri mwanao wa mwisho atatoka na mapaja ya kijani. Shona, ila kivaeni asubuhi mkifika na jioni mkishaoga, hapo picha zinatoka safi. Kwenye maji tafuta kitambaa cha nailoni au polista, hakinywi maji sana, ukikikamua kinakauka haraka.

Dogo_Kibirizi
Wanahangaika nini watu wenye jezi ndani? Jezi ya mpira ni polista tupu, nyepesi, inakauka haraka, na hapo Mwanga kwenye mitumba unaokota za watoto za kila timu duniani ambazo hata hazijulikani. Watoto wote jezi na bukta za mpira, kazi imeisha.

Ila angalia bukta isiwe na zipu wala vifungo vya chuma. Nimewahi kuzuiwa juu kabisa ya slaidi kwa sababu ya pensi ya jinzi, vile vichuma vinakwaruza ile plastiki na vinaweza kumkata anayekuja nyuma. Nikashuka ngazi zote kwa miguu watoto wananiangalia. Jinzi ni hapana kabisa.

MamaWatatu_Mwanga
@Dogo_Kibirizi hapo kwenye jezi umenitafutia ugomvi, mzee Yanga mimi Simba, mtoto wa kati ndo hajulikani yuko wapi 😂

Dogo_Kibirizi
Safi sana, nyekundu na njano zote zinaonekana ndani ya maji! Namaanisha kweli, usimvalishe mtoto bluu au nyeupe kwenye bwawa, akizama kidogo tu humuoni, rangi inafanana na maji. Yule wa miaka minne mvalishe rangi inayopiga kelele, chungwa au njano, na asitoke mkononi mwako.

Binti_Unyanyembe
Mama watatu salama? Naandika kutoka Tabora, sisi tulienda mwaka jana sehemu moja siitaji jina, kikundi cha akina mama. Kwa wanaojisitiri dawa ni burkini, ile suti yenye kofia yake ya kichwani, siku hizi zinauzwa sana hata kwa oda ya simu. Ukiikosa vaa skintaiti nzito ya nailoni, juu tisheti ndefu ya michezo yenye mikono, na kichwani ile hijabu ya kuvuta ya wanamichezo, sio mtandio wa kuzungusha shingoni. Mtandio na dera ni hatari sio utani, kwenye slaidi dera linapanda lote juu linakufunika uso, na kama kuna vile vigari vya kuendesha nguo inayoning'inia inaweza kunaswa kwenye tairi ikakukaba. Wifi yangu alikataa kusikia, akapanda na dera lake, nisimalizie, ila alishuka akiwa anajua watu wote waliokuwa pale na wao wanamjua.

Wigi acha hotelini. Chini skintaiti hiyohiyo inasaidia mapaja yasisuguane, mguu mbichi ukitembea kutwa unachubuka unatembea kama bata, kwa hiyo pakaa mafuta mgando kabla hujaanza kuumia. Mama mkwe wako kama haingii majini mwache na dera lake jepesi na kofia ya ukili, akae kivulini alinde mikoba, ndo raha yake.

Shangazi_Katubuka
Naongezea la jua maana naona watu wanaongelea maji tu. Ninalea mtoto wa kaka yangu mwenye ualbino, kwa hiyo haya mambo nimeyasoma kwa lazima. Tisheti nyeupe ya pamba watu wanaiona kinga, ikilowa jua linapita zaidi kuliko ikiwa kavu. Chukua nguo ya mikono mirefu iliyofumwa ikabana, ukiinyanyua kwenye mwanga usione upande wa pili, na rangi iliyokolea ni bora kuliko nyeupe. Kofia iwe ya ukingo kuzunguka kichwa chote, kapelo inaacha masikio na shingo nje. Wangu nampaka Kilisun, yale mafuta yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kila akitoka majini narudia. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi tunajificha kivulini kila tukiweza. Wa kwako hata kama ngozi yao ni nyeusi, mabega yatababuka tu wakikaa majini kutwa.

Dogo_Kibirizi
Na miguuni! Ile sakafu saa saba mchana ni kikaango. Ndala zinateleza kwenye tairisi mbichi na zinapotea, mtu anavaa zako anaondoka. Yeboyebo za kufunga nyuma ndo mpango, hazinywi maji. Raba zibaki za kwenye treni.

Fundi_Ujiji
Halafu msisahau treni yenyewe jamani. Mwezi wa sita usiku ukikaribia Dodoma baridi linaingia mpaka kwenye mfupa, sweta na soksi za watoto ziwe juu ya begi, sio chini. Sweta hizohizo zitawafaa jioni wakitoka majini midomo inatetemeka. Nguo mbichi usitegemee rambo, zilipigwa marufuku tangu 2019, beba ndoo ndogo ya mfuniko, mchana inakaa chakula, jioni inarudi na nguo mbichi.

MamaWatatu_Mwanga
Asanteni sana, nimenyooka. Jezi nimepata nne leo, mbili hata sijui ni timu gani, nadhani ni ya nchi fulani ya baridi. Burkini naagiza wiki hii. Tatizo ni moja tu, fundi wangu (sio wewe @Fundi_Ujiji) nimemkuta ameshakata gauni langu na dera la mama mkwe, bado mashati ya mzee na wavulana. Nimsimamishe?

Fundi_Ujiji
Usimsimamishe, mwambie mashati ayaache mapana na pensi asizishone kabisa. Kipande kitakachobaki akushonee mfuko mkubwa wa taulo. Na kabla ya safari vyote vilowekwe kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, uone rangi inasemaje.

MamaWatatu_Mwanga
Nimeloweka kipande cha mfuko jana. Beseni limekuwa la kijani 🙈