Kundi la Wajerumani na Waarabu pamoja: Kalenga nitawaelezaje?

KijanaWaKihesa
Wakuu, habari za humu. Naongoza wageni hapa Iringa, huu mwaka wa nne. Nimezoea watu wawili watatu wanaoelekea Ruaha: unawapitisha Isimila waone zile nguzo, jioni Gangilonga wapige picha za machweo, kesho yake kwaheri. Safari hii nimepewa vijana 16 wa mabadilishano ya tamaduni. Wajerumani watano, Waitaliano wanne, waliobaki wanatoka Tunisia, Misri na Jordan. Hawana habari na tembo. Ratiba yao imeandikwa "historia kutoka kwa wenyeji", siku nzima, Lugalo asubuhi na Kalenga mchana.

Shida yangu ni makumbusho ya Kalenga. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liko pale kwenye kioo. Nikiwa na Wajerumani, nakiri, huwa nafupisha. Nasema "lilipelekwa Ulaya, likarudi 1954", naruka kwenye mikuki. Sasa kuna Waarabu pia, na mzee mmoja wa pale kijijini akishika maneno hakosi kufika kwenye misafara ya watumwa. Najiona nimesimama katikati, huku wanaangalia viatu vyao, na huku wanaangalia vyao. Aliyewahi kuongoza mchanganyiko kama huu anipe mbinu. Na suala la chakula na swala pia, msinicheke.

MamaNdaga, Tukuyu
Mwanangu, mimi historia siijui, chakula nakijua. Mwaka juzi nilipikia kundi la namna hiyo lilipokuja kupanda Ngosi. Nikaambiwa kuna Waarabu, basi nikajiandaa: mikeka nimetandika, kibla nimeulizia kwa jirani, kuku wawili kachinja kijana Mwislamu wa pale chini. Anakuja kaka mmoja wa Misri, mpole kabisa, ananionyesha mkono wake wa kulia. Msalaba mdogo, umechanjwa kwa wino. Kumbe ni Mkristo, wanaitwa Wakopti, na siku zile alikuwa kwenye mfungo wao. Hali nyama, hali yai, maziwa hagusi. Kuku wangu akawatazama tu! Alikula ndizi na maharage na parachichi, tena aliongeza.

Na wale Waislamu, wawili waliswali, wa tatu akaenda kulala. Kwa hiyo muulize kila mtu kwa nafsi yake, usimtandikie mkeka ambaye hajaomba. Mishikaki ya njiani uliza ni ya nini kabla hujawapa, nyanda zetu hizi unazijua mwenyewe. Na kama wanakuja Julai, blanketi mbili mbili. Wao wanadhani Afrika ni joto.

MpandaCoaster
😂😂 Mama umenimaliza, "kuku wangu akawatazama tu".

MwalimuMstaafu
Kijana, unakosea unaporuka. Watu wametoka kwao kuja kusikia, wewe unawahurumia kwa niaba yao.

Anzia Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikiteketeza pale kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, naye akafa. Lakini waambie kikosi chenyewe kilikuwa cha nani. Wajerumani walikuwa wachache. Askari walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, pamoja na watu waliochukuliwa Msumbiji walioitwa Wazulu. Mmisri wako akisikia Cairo atainua kichwa, na hapo hatakuwa tena mtazamaji wa ugomvi wa watu wengine.

Mzee wenu msimzibe mdomo. Misafara ilikuwepo, na Mkwawa mwenyewe aliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na kuivamia, ndiyo sababu mojawapo Wajerumani wakamfuata. Ila aseme yote: misafara ile ilikuwa na Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, na mateka walikuwa wakiuzwa na watawala wa huku bara vilevile.

Ukifika Kalenga, usihutubie. Wape karatasi. Tafuta Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246. Ni kifupi. Kinaiagiza Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita. Cha kwanza ni Kurani ya Khalifa Othman, iliyotolewa Madina na watawala wa Kituruki na kusemekana alizawadiwa Kaisari Wilhelm wa Pili. Hiyo irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi, nchi ya Uarabuni ilimo Madina. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa, likabidhiwe serikali ya Uingereza. Kifungu kimoja hicho hicho, Madina na Kalenga. Nimefundisha miaka 31 na sijapata ukurasa mwingine unaowakalisha watu wa namna hiyo benchi moja.

MkulimaWaMufindi
Mwalimu shikamoo. Aongeze na hili: Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua fuvu hilo katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vya kichwa na vya ukoo wa Mkwawa. Wapo hapa nyumbani wanaouliza hadi leo kama ni lenyewe. Wageni wasikie na hilo.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Ni kweli, asiliache.

KijanaWaKihesa
Wakuu, nimerudi, wameondoka jana. Mwalimu, shikamoo na asante.

Nilichapa kifungu kwa Kijerumani, Kiitaliano na Kiarabu. Dada wa Ujerumani alisoma chake, sauti ikapungua alipofika kwenye jina la Mkwawa. Kaka wa Jordan akasoma cha kwake, akarudia mstari wa Kurani mara mbili. Ajabu ni kwamba yeye na Watunisia wakiongea haraka hawaelewani, Kiarabu cha kila mtu na kwao, ikabidi wajadiliane kwa Kiingereza. Mmoja wa Waitaliano alikuwa nje na simu muda wote, huyo sina la kusema.

Dada mmoja wa Tunisia akauliza: miezi sita imekuwaje miaka 35? Halafu: kwa nini apewe Mwingereza, siyo Wahehe? Nikamgeukia mzee wetu, yule niliyekuwa namwogopa. Akasema, "Fuvu liliandikwa mkatabani. Sisi hatukuandikwa." Nikatafsiri. Misafara aliieleza pia, na hakuna aliyeangalia viatu. Wakati wa kurudi walibishana kwenye coaster hadi Iringa mjini, kama kijana wa leo anadaiwa kwa ya babu yake. Mimi nilikaa mbele na dereva, nikasikia nusu.

Kesho yake sokoni, yule wa Tunisia akashika kikapu cha milulu. Mama akasema elfu saba na mia tano. Dada akacheka peke yake: elfu kwao alf, saba ni sab'a, mia ni mi'a, amekosa ile tano tu. Akaanza kubishana bei kwa namba zake za kwao, mama anajibu kwa zetu, wakamalizana kwenye sita. Mjerumani aliyekuwa pembeni yake alikuwa ameshatoa elfu nane kwa kikapu kama hicho, na mpaka wanapanda basi hakutaka kusikia habari ya sita.